Mshike Kuku Kwanza, Rangi Itangoja

Hotuba niliyoitoa kwa wafugaji wa kuku wa asili wa Tabora mjini, Uyui na Sikonge, tulipokutana kujiandaa na maonyesho ya Nane Nane. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa. Picha za ukutani nimeziacha. Hata ukumbini hazikuonekana vizuri kwa jua lililokuwa likiingia madirishani.

Mwangaluka wazee wangu! Mwangaluka mama zangu! Na nyie vijana mliojibanza kule nyuma karibu na chai, nawaona.

Nimepewa karatasi yenye mada: kupima rangi ya manyoya na ubora wa kuku wa mbegu. Aliyeiandika ameanza na rangi, na simlaumu, ndiyo desturi yetu. Sokoni tunaanza na rangi. Kwenye maonyesho tunaanza na rangi. Hata mtu akirusha picha ya jogoo kwenye simu, maneno ya kwanza ni "duh, rangi hiyo!" Leo naomba ruhusa yenu niigeuze karatasi. Nitaanza na mkono, nitapita kwenye unyoya wenyewe, na rangi nitaifikia mwisho. Mkisinzia njiani, mtakuwa mmeshasikia yale makubwa.

Kwanza niwaulize. Nani hapa hajawahi kununua jogoo kwa macho? Nyosheni mikono. Hakuna? Haya, basi tuko nyumbani.

Mwaka mmoja tulikuwa waamuzi kwenye mashindano ya kata. Akaletwa jogoo, ndugu zangu, sijui niseme nini. Shingo inawaka, mgongo umekolea wekundu, mkia mweusi unaotoa kijani kila akigeuka juani. Watu wakapiga makofi kabla hata hatujakaribia tenga. Mwamuzi mwenzangu, mama mmoja mtaratibu sana, hakupiga makofi. Alipeleka kiganja chini ya kifua cha yule jogoo, akakaa kimya kidogo, akaniita: "Afisa, hebu shika na wewe." Nikashika. Mfupa wa kidari umepinda kushoto. Nyama upande mmoja imejaa, upande wa pili vidole vinagonga mfupa mtupu. Manyoya yalikuwa yamefunika yote hayo. Mwenyewe alipoambiwa jogoo wake hashindi, alisema neno moja tu, akalirudia mpaka anaondoka uwanjani: "Lakini rangi, afisa! Lakini rangi!"

Wahenga walishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kidari huweza kupinda kwa sababu ya kurithi. Huweza kupinda kwa kuku kulala mapema mno juu ya fito nyembamba, mifupa ingali laini. Huweza kupinda kwa kukosa madini. Mwamuzi aliyesimama uwanjani hawezi kujua ni ipi kati ya hizo, na kwa kuwa hawezi kujua, jogoo huyo haingii kwenye mbegu. Anaingia kwenye sufuria, na mchuzi wake utakuwa mtamu tu.

Sasa, kuku anashikwaje? Telezesha kiganja chini ya kifua chake, miguu yake ipite katikati ya vidole vyako, kichwa kikuelekee wewe, uzito wake wote ukae juu ya kiganja. Akishikwa hivyo anatulia, na mkono wako wa pili uko huru kufanya kazi. Huyu tunayemning'iniza kichwa chini tukitoka naye mnadani hatuwezi kumpima chochote, yuko kwenye shida ya kuvuta pumzi. Na hilo naomba tuliache, jamani, si kwa ajili ya maonyesho tu.

Mkono ukishatulia, pitisha vidole. Kidari kimenyooka? Nyama ya pande mbili inalingana? Mgongo ni mpana na umenyooka, au una nundu? Shuka miguuni. Magamba yamelala, au yamesimama na kufanya ukoko mweupe? Yakisimama ni utitiri wa miguu. Unatibika kwa kupaka mafuta mazito mara kadhaa mpaka ukoko ulainike, lakini usimlete kwa mwamuzi akiwa hivyo. Mdomo wa juu na wa chini ukutane vizuri. Tazama jicho. Mboni iwe duara kamili. Mboni iliyochanika pembeni, jicho limegeuka kijivu, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa Marek, na kuku huyo simtaki kwenye mbegu hata angeota manyoya ya dhahabu.

Mtetea mpime nyonga. Gusa mifupa miwili myembamba iliyo pande mbili za tundu la nyuma. Kwa kuku wetu anayetaga, vidole viwili mpaka vitatu vinapita katikati. Aliyesimama kutaga, kimoja tena kwa shida. Tundu lenyewe kwa mtagaji ni pana na lina unyevu; kwa asiyetaga limejikunja na kukauka.

Hapo kwenye watagaji nina kisa. Mama mmoja wa upande wa Sikonge alitembelewa na mnunuzi kutoka Dar es Salaam. Bwana yule alitaka mitetea ya kwenda kuzalisha. Akapita anatazama miguu. Wenye miguu ya njano iliyokolea akawatia kwenye matenga, wenye miguu iliyopauka akawaacha, akasema hawa wamechoka, damu imewapungua. Mama akabaki anawasikitikia waliobaki. Nilipofika nikawashika mmoja mmoja, nikamwambia: mama, pole ya nini? Huyu bwana amekulipa pesa, kisha amekuachia watagaji wako.

Mnacheka, lakini wangapi hapa wangefanya kama yule bwana?

Njano ya miguu hutokana na chakula: majani mabichi, mahindi ya njano. Mtetea anapotaga, njano ile inakwenda kwenye kiini cha yai, mwili unabaki unapauka. Na unapauka kwa mpangilio. Kwanza tundu la nyuma, kisha ukingo wa jicho, kisha mdomo kuanzia kwenye shina kwenda kwenye ncha, na mwisho miguu. Kwa hiyo mtetea mwenye miguu iliyopauka ametaga kwa muda mrefu, si leo wala jana. Akisimama kutaga, njano inarudi kwa mpangilio uleule. Ila tahadhari mbili. Kuku wetu wanaatamia, na anayeatamia amesimama kutaga, kwa hiyo njano itarudi. Usimhukumu kwa hilo. Na wapo wenye ngozi nyeupe au miguu myeusi, hao kipimo hiki hakiwahusu kabisa. Hiyo ngozi ya njano yenyewe ina historia yake: watafiti walionyesha mwaka 2008 kwamba haikutoka kwa kuku mwekundu wa porini wa Asia, ambaye ndiye babu mkuu wa kuku wote wa kufugwa, bali kwa ndugu yake wa kijivu wa huko India. Nawapa hiyo mkabishane nayo kwenye kahawa.

Tuje kwenye unyoya. Nasema unyoya, bado sijasema rangi.

Unyoya karibu wote ni protini, kama asilimia 90. Ukishamaliza kukua umekufa, haupokei tena damu, hauongezeki, haujirekebishi. Utabaki ulivyo mpaka unyonyoke. Ndiyo maana unyoya hausemi uongo. Nyoosha bawa la kuku, chagua unyoya mmoja mrefu wa nje, uinue juani bila kuung'oa. Ukiona mstari mwembamba unaoukatiza upande hadi upande, mahali nyuzi zimekonda na mwanga unapenya, hapo kuku alikuwa na shida wakati unyoya unaota. Alilala njaa, au aliugua, au alipata mshtuko mkubwa.

Kijana mmoja wa Uyui aliniletea majogoo wake nimchagulie wa mbegu. Wazuri, wazito. Nikanyoosha bawa la wa kwanza, nikaona mstari. La wa pili, mstari. La wa tatu, mstari, na wote mahali palepale. Nikamuuliza: "Mwanangu, hawa walipokuwa wadogo ulikwenda wapi?" Akanitazama kwa mashaka, nafikiri alidhani mtu amemsema. Kumbe alikuwa kambini kwenye tumbaku, kuku ameachiwa wadogo zake, na wadogo zake wakasahau. Vifaranga wa umri mmoja wakalala njaa pamoja, wakaandika pamoja. Je, majogoo wale ni wabaya? Hapana! Mstari ule haurithiwi. Tulimchagua mmoja akawa baba mzuri tu. Lakini kwenye maonyesho ungemwangusha, na mwamuzi angekuwa na haki, kwa sababu pale anapimwa kuku na anapimwa mfugaji.

Mnataka unyoya mzuri? Protini, protini, protini. Pumba peke yake haijengi unyoya. Mchwa mnao bure kwenye kila kichuguu, vumbi la dagaa wa Kigoma linakuja mpaka hapa, mashudu ya alizeti yapo. Anzeni kabla manyoya hayajaota. Kumshindilia kuku dagaa wiki moja kabla ya Nane Nane ni kumnenepesha tu, unyoya umeshaandikwa.

Na mng'ao. Ule ukijani wa mkia mweusi si rangi, ni mwanga unaogonga unyoya uliojengwa vizuri. Mweusi akitoa zambarau badala ya kijani, au akiwa na michirizi ya zambarau, mwamuzi humpunguzia alama. Jua kali nalo huharibu: mweupe anageuka manjano mgongoni, mweusi anageuka kahawia. Kivuli cha mwembe kinatosha kuzuia hilo. Halafu pekua chini ya tundu la nyuma, kwenye mashina ya manyoya. Mafungu meupe yaliyoganda pale ni mayai ya chawa. Mpeni kuku shimo la majivu na vumbi aoge, na msije uwanjani na chawa. Sisi waamuzi tunarudi nao nyumbani.

Jambo lingine kuhusu manyoya, na hili akina mama mnisikilize sana. Mtetea aliyechakaa, mkia umekatika, manyoya yamepauka, msimwahi kwa kisu. Watagaji wazuri huchelewa kunyonyoka, na wakinyonyoka hufanya haraka wakarudi kazini. Yule anayependeza wakati wenzake wote wamechakaa, mara nyingi aliacha kutaga mapema akapata nafasi ya kujipamba.

Sasa rangi. Je, rangi haina maana? Ina maana. Lakini ina maana gani?

Hapa Tabora ndipo anapotajwa zaidi kuku anayeitwa Singamagazi. Jogoo wake ana rangi ya moto, mtetea wake ana rangi ya udongo. Vipimo vilivyochapishwa vinampa jogoo wastani wa kilo 2.9, mtetea kilo 2, na yai gramu 56. Mlinganisheni na Ching'wekwe wa Morogoro, jogoo kilo 1.6, mtetea 1.2. Huyu wetu ni kuku mkubwa, wa hapahapa, anayejua kujitafutia chakula na kuatamia mayai yake. Tunaye bado?

Nauliza tena: tunaye bado?

Nauliza kwa sababu siku hizi kila jogoo mwekundu mkubwa anaitwa Singamagazi. Kuna Sasso aliyetokea Ufaransa. Kuna Kuroiler aliyetengenezwa India. Ni kuku wazuri kwa kazi yao, sina ugomvi nao, na mimi mwenyewe nimewala. Wakipandana na kuku wetu, wekundu unatoka bila shida. Basi jogoo mwekundu wa kilo tatu akishushwa kwenye tenga, utajuaje ni nani?

Kwa rangi yake peke yake, hutajua. Ndiyo maana nawaambia: msiniletee jogoo peke yake. Mleteni na dada zake. Mleteni na mama yake kama yupo. Jogoo wa moto ambaye dada zake wote ni wa rangi ya udongo, na mama ni wa udongo, na mama huyo anaatamia na kulea, huyo rangi yake ina ukoo. Jogoo wa moto ambaye dada zake mmoja mweupe, mmoja mweusi, mmoja wa madoadoa, rangi yake imeangukia tu. Watoto wake watatoka wa kila namna. Hapo ndipo ninapoipa rangi alama, kwenye familia inayofanana. Nimewaona waamuzi wanaotoa alama kwa jogoo mmoja aliyesimama peke yake mezani, wakaita hiyo ni kupima mbegu. Mimi siiti hivyo.

Rangi ikiachiwa usukani inaweza kuharibu mbegu. Mzee mmoja ninayemheshimu alikuwa na kundi zuri lenye majogoo weusi wengi. Mnajua jogoo mweusi ana wateja wake maalumu, na wanalipa vizuri bila kubishana bei. Sizungumzii imani ya mtu hapa, nazungumzia banda. Kila mwaka mzee aliuza weusi waliokua vizuri, wanyonge wakabaki. Wanyonge wakawa ndio baba. Baada ya miaka kadhaa akaniita akisema kundi lake limelogwa, kuku wanazidi kuwa wadogo. Nikamwuliza tu: mzee, mwaka jana jogoo wako bora alikwenda wapi? Akanyamaza. Akacheka. Mwaka uliofuata jogoo bora hakuuzwa, hata alipotajiwa bei ya juu.

Wenzetu wa mbali nao yamewakuta. Kule Marekani, Little Compton katika jimbo la Rhode Island, wakulima wa karne ya 19 waliwapandisha kuku wao kwa majogoo wekundu wa Kimalay waliotoka Asia, wakapata kuku mwekundu mtagaji, mgumu, anayeitwa Rhode Island Red. Mwaka 1904 akaingizwa kwenye kitabu cha vigezo cha wafuga kuku wa Marekani, kitabu kilichotoka mara ya kwanza 1874. Mwaka 1925 kuku huyo akajengewa mnara wa jiwe. Mnacheka? Mnara kabisa, wa kuku, na mwaka 1954 akafanywa ndege rasmi wa jimbo. Lakini waamuzi walianza kupenda wekundu mzito, mzito zaidi, unaokaribia weusi. Wafugaji wakawafuata waamuzi. Manyoya yakawa membamba, ya nyuzinyuzi, vifaranga wakachelewa kuota manyoya, na mayai yakapungua kwenye mikondo hiyo ya maonyesho. Wale waliotaka mayai wakaenda njia yao na kuku mwekundu aliyefifia. Leo jina ni moja, kuku ni wawili. Waamuzi walifanya hivyo, wenzangu na mimi! Ndiyo maana siku hiyo ya Nane Nane nataka mtukabe maswali.

Mambo mawili matatu ya haraka, maana naona chai inapoa.

Msihukumu rangi ya kifaranga. Kifaranga atakayekuwa mweusi huzaliwa na weupe tumboni na kwenye ncha za mabawa, na weupe huo hupotea. Ngojeni manyoya ya utu uzima, miezi mitano au sita. Wale mnaofuga wenye michirizi myeusi na myeupe, mnaowaita kanga: mtetea wa michirizi akipandwa na jogoo mwekundu asiye na michirizi, vifaranga wa kiume huzaliwa na doa jeupe kichwani, wa kike hawana. Mtatenganisha majogoo na mitetea siku ya kwanza. Hiyo ni rangi inayofanya kazi!

Rangi ya udongo nayo inafanya kazi. Mtetea wa udongo akiatamia chini ya kichaka unampita humwoni, na mwewe naye anampita. Kila mfugaji hapa anajua kifaranga gani hubebwa kwanza.

Na kishingo. Mwaka jana nilisikia watu wakimcheka kishingo mezani, eti kuku gani amenyonyolewa kabla ya kuchinjwa. Jeni inayomwondolea manyoya shingoni humpunguzia manyoya ya mwili kwa kama asilimia 20 akiirithi kwa mzazi mmoja, na mpaka 40 akiirithi kwa wote wawili. Joto la Oktoba hapa Tabora, nani anakula vizuri, yeye au mwenye makoti? Kishingo atapimwa kama wengine, na atakayemcheka mbele yangu atamshika yeye anieleze kidari kikoje.

Kuhusu kideri sitasema mengi, mnajua. Tone moja la chanjo ya I-2 jichoni, kila miezi mitatu, na asiyechanjwa hapiti getini. Mnaobadilishana majogoo, na ninaomba mbadilishane ili jogoo asiwapande binti zake mwenyewe, mgeni mtengeni wiki mbili kabla hajachanganywa na kundi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hiyo kamba ifungieni mbali na banda.

Kwa maonyesho basi, tumekubaliana na kamati hivi. Kila mshindani wa Singamagazi ataleta jogoo mmoja na dada zake wawili, na mama akiwepo ataongezewa alama. Waamuzi tutashika kwanza, tutanyoosha mabawa, na rangi itaandikwa mwisho kabisa kwenye karatasi. Miguu na upanga wa kichwani visipakwe mafuta. Tutafuta kwa kitambaa na tutaona. Wenye majogoo ya kubadilishana waandikishe kwa katibu kabla ya kuondoka, wataje na kata wanayotoka, ili ndugu wawili wa banda moja wasije wakabadilishana jogoo yuleyule.

Kuku wako nje chini ya mwembe. Twendeni, kila mtu ashike mmoja.